Vipi Dola Isiyo na Upande Hutiwa Vitani

Katika darasa yetu iliyopita ndugu mmoja aliuliza: yawaje taifa lililotangaza kwamba halina upande likaamka asubuhi na kujikuta ndani ya vita? Tulimjibu kwa ufupi, na ufupi ule haukumtosha, wala sisi haukuturidhisha. Leo twataka kulieleza jambo hili kwa mfano ulio karibu na nyoyo za Waislamu, nao ni Dola ya Uthmani katika mwaka 1914.

Mwanzo wa vita vyenyewe wajulikana. Tarehe 28 Juni 1914 mrithi wa kiti cha Austria-Hungary aliuawa kwa risasi mjini Sarajevo. Mwezi mzima ukapita katika barua na vitisho, kisha tarehe 28 Julai Austria ikatangaza vita juu ya Serbia. Nyuma ya Serbia alisimama Mrusi, nyuma ya Austria alisimama Mjerumani, na Mrusi alifungamana na Mfaransa. Kila mmoja alichelea kwamba akichelewa kukusanya askari wake adui atamtangulia. Khofu hiyo ndiyo iliyowakimbiza. Hata ilipofika tarehe 4 Agosti majeshi ya Ujerumani yalikwisha ingia Ubelgiji, nchi iliyoahidiwa na madola makubwa kwamba haitaguswa, na Mwingereza naye akaingia vitani.

Mturuki hakuwa na haja ya vita hivyo. Alikuwa ametoka kupigwa katika Tripoli mwaka 1911, na katika Balkan mwaka 1912. Hazina yake tupu, askari wake wamechoka. Akatangaza kwamba hana upande. Watu wakaamini, na mawaziri wake wengi wakaamini pia. Lakini tarehe 2 Agosti mkataba wa siri na Ujerumani ulikuwa umekwisha tiwa sahihi na Waziri Mkuu, Said Halim Pasha, kwa shauri la watu wachache. Mkubwa wa shauri hilo alikuwa Enver Pasha, Waziri wa Vita, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 33. Hatusemi kwamba watu hawa hawakuwa na udhuru. Walimwogopa Mrusi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiitamani Istanbul, na walikwisha bisha milango mingine wasifunguliwe. Tulilaumulo ni kwamba jambo la umma wote lilifungwa usiku, ndani ya nyumba, na wenye haki ya kushauriwa hawakuambiwa. Nasi Waislamu tumeamrishwa mashauriano.

Kisha likaja jambo la manowari. Uturuki ilikuwa imeagiza manowari mbili kubwa katika viwanda vya Uingereza, na sehemu ya fedha zake ilichangwa na raia. Mabaharia wa Kituruki walikwisha wasili kuipokea mojawapo. Mwanzoni mwa Agosti Mwingereza akazitwaa zote mbili kwa matumizi yake. Hapana mtu aliyechanga senti yake ambaye hakuona uchungu, na uchungu ule Wajerumani waliutumia vizuri. Tarehe 10 Agosti manowari zao mbili, Goeben na Breslau, zikiwindwa na Waingereza, zilikimbilia Dardanelles zikafunguliwa njia. Sharia ya mataifa yamtaka asiye na upande azifukuze manowari za wapiganao au azizuie. Kukatangazwa basi kwamba zimenunuliwa: hii sasa yaitwa Yavuz Sultan Selim, na ile yaitwa Midilli.

Ndugu msomaji, mwanafunzi yeyote aliyesoma mlango wa biashara katika vitabu vya fikihi angeliuliza: bei iko wapi, na kukabidhiwa kuko wapi? Mabaharia walibaki wale wale Wajerumani, wamevikwa tarbushi vichwani. Amirali wao, Souchon, hakuondoka pia. Bali mwezi wa Septemba alipewa ukubwa wa manowari zote za Uturuki. Hapo dola iliyosema haina upande ilikuwa imempa mgeni usukani wake.

Mwisho wa Septemba mlango wa Dardanelles ukafungwa, na biashara ya Mrusi ikakatika. Oktoba ikafika dhahabu ya Ujerumani. Tarehe 29 Oktoba Souchon, kwa ruhusa ya Enver, akazipeleka manowari katika Bahari Nyeusi akaipiga mizinga miji ya Kirusi, Odessa na Sevastopol miongoni mwake. Baraza la mawaziri lilikuja kuambiwa mambo yamekwisha kuwa. Cavid Bey, Waziri wa Hazina, akajiuzulu pamoja na baadhi ya wenziwe. Hilo lawahesabiwa, ingawa halikurudisha hata risasi moja. Mrusi akatangaza vita tarehe 2 Novemba, na Mwingereza na Mfaransa tarehe 5.

Tarehe 14 Novemba zikatangazwa Istanbul fatwa za Sheikh al-Islam kuwaita Waislamu wote katika jihadi. Twaandika haya kwa huzuni: vita vilivyoanzishwa kwa siri, kwa amri ya amirali Mkristo na dhahabu ya dola ya Kikristo, vikapewa jina hilo tukufu baada ya kwisha kuwaka. Waislamu wa mbali wangejibu nini? Huku kwetu, siku zile zile za mwanzo wa Novemba, Waingereza na Wadachi, kama walivyowaita wazee wetu, walikuwa wakipigana Tanga. Katika jeshi la Wadachi mlikuwamo askari Waislamu. Na katika pwani yetu Waarabu waliandikwa katika kikosi cha Wavell kumpigania Mwingereza. Muislamu akamlenga Muislamu mwenziwe msituni, na hapana hata mmoja wao aliyeulizwa juu ya Goeben.

Vita vilikwisha kwa Uturuki tarehe 30 Oktoba 1918. Baghdad na Baitul Muqaddas zilikuwa zimetoka mikononi mwake mwaka 1917, na mwezi wa Novemba 1918 askari wa adui waliingia Istanbul. Tarehe 3 Machi 1924 ukhalifa wenyewe ukaondoshwa. Ama ile manowari Yavuz, ilibaki na Waturuki kwa haki, hata ikavunjwa kuwa vyuma vikuukuu katika miaka ya 1970.