MADA YA 7: KUPIMA NA KUFUATILIA MAFUTA YA MWILI

Malengo. Baada ya kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza tofauti kati ya uzito wa mwili na mafuta ya mwili;
(b) kukokotoa uwiano wa uzito na urefu, na uwiano wa kiuno na urefu;
(c) kutaja makosa ya upimaji na namna ya kuyaepuka.

7.1 Utangulizi

Mkulima wa Zagayu anayepeleka pamba kwenye chama cha msingi cha ushirika anajua jambo moja kuhusu mizani: pamba iliyolowa huwa nzito kuliko pamba kavu, ingawa nyuzi ni zilezile. Mizani husoma uzito tu. Haisemi ndani ya gunia kuna nini.

Mwili nao uko hivyo. Uzito wako ni jumla ya maji, mifupa, misuli, viungo vya ndani, chakula kilichomo tumboni na mafuta. Watu wawili wanaweza kuwa na kilo sawa, lakini mmoja akawa na misuli mingi na mwingine mafuta mengi.

Mafuta si adui. Huhifadhi nishati, huzuia mwili kupoteza joto, hukinga viungo kama figo, na huhifadhi vitamini kama D na E. Kwa kawaida mwanamke huwa na mafuta mengi kuliko mwanamume, na hiyo ni sehemu ya maumbile yake. Tatizo huanza mafuta yanapozidi, hasa yale yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo. Hayo huongeza hatari ya kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu na magonjwa ya moyo.

Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16, asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Hata hivyo, wengi bado huona kitambi kuwa dalili ya maisha mazuri, na mtu akipungua watu huuliza anaumwa nini. Kwa sababu hiyo inafaa kupima badala ya kukisia kwa macho.

7.2 Njia za kupima

*(i) Uwiano wa uzito na urefu.* Msingi wake uliwekwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19.

Uwiano = uzito (kg) ÷ [urefu (m) × urefu (m)]

Kwa mtu mzima: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kawaida. 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi. 30 na kuendelea ni unene uliokithiri.

*(ii) Uwiano wa kiuno na urefu.* Gawanya mzunguko wa kiuno kwa urefu, vyote kwa sentimita. Jibu lisifike 0.5. Kwa maneno mengine, kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu. Kipimo hiki hakiwahusu wajawazito.

*(iii) Kupima unene wa ngozi iliyobanwa.* Chombo maalumu hubana ngozi pamoja na mafuta yaliyo chini yake, kwa mfano nyuma ya mkono wa juu. Kinahitaji mpimaji mzoefu.

*(iv) Mizani ya umeme.* Hupatikana kwenye baadhi ya vyumba vya mazoezi mijini. Hupitisha umeme mdogo mwilini. Misuli ina maji mengi na hupitisha umeme vizuri; mafuta hupitisha kwa shida. Mizani hutumia tofauti hiyo kukadiria asilimia ya mafuta. Hayo ni makadirio, na hubadilika kulingana na kiasi cha maji mwilini.

7.3 Mfano

Wanaume wawili, wote wana urefu wa m 1.70. A hupakia marobota ya pamba: uzito kg 80, kiuno sm 82. B hukaa dukani kutwa: uzito kg 68, kiuno sm 96. Nani ana sababu zaidi ya kwenda kupimwa afya?

*Suluhisho*

1.70 × 1.70 = 2.89
A: 80 ÷ 2.89 = 27.7; kiuno: 82 ÷ 170 = 0.48
B: 68 ÷ 2.89 = 23.5; kiuno: 96 ÷ 170 = 0.56

Kwa kipimo cha kwanza pekee, A ana uzito uliozidi na B yuko sawa. Kiuno kinaonyesha kinyume: kilo nyingi za A huenda ni misuli, na B amelimbikiza mafuta tumboni. Mwenye sababu zaidi ni B.

7.4 Kufuatilia

1. Pima siku ileile ya wiki, asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula.
2. Tumia mizani ileile, kwenye sakafu ngumu iliyo sawa.
3. Kwa kiuno, tumia tepu ya fundi cherehani. Ilinganishe kwanza na rula, kwa kuwa tepu iliyozeeka huvutika. Izungushe katikati ya mbavu ya mwisho na sehemu ya juu ya nyonga. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani.
4. Pima mara mbili, chukua wastani, andika kwenye daftari.
5. Angalia mwelekeo wa wiki kadhaa, si namba ya siku moja.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Aliyecheza mpira juani akapungua kilo moja amepoteza maji, na yatarudi akinywa. Kilo moja ya mafuta ya mwili huhifadhi takribani kilokalori 7,700. Haiishi kwa alasiri moja.

Zingatia: Jedwali la 7.2 (i) ni la watu wazima. Wenye umri wa miaka 5 hadi 19 hutumia chati za Shirika la Afya Duniani zinazozingatia umri na jinsi, kwa sababu bado wanakua. Usijinyime chakula wala kumcheka mwenzako kwa sababu ya namba ya mizani. Ukiwa na wasiwasi, nenda zahanati.

Zoezi la 7

1. Mwanamke mtu mzima ana kg 72, urefu m 1.60 na kiuno sm 90. Kokotoa uwiano wote miwili na utoe maoni.
2. Kwa wiki nne za mazoezi, uzito wa mtu ulikuwa kg 74.0, 73.8, 74.1 na 73.9; kiuno sm 92, 91, 90 na 89. Anataka kuacha mazoezi. Mshauri.
3. Kwa nini mizani ya umeme inaweza kumpa mtu mwenye upungufu wa maji asilimia kubwa ya mafuta kuliko aliyo nayo?

Majibu

1. 72 ÷ 2.56 = 28.1; 90 ÷ 160 = 0.56. Vipimo vyote viwili vimezidi. Apime pia shinikizo la damu na sukari.
2. Asiache. Uzito umebaki palepale lakini kiuno kimepungua sm 3. Huenda mafuta ya tumbo yanapungua huku misuli ikiongezeka.
3. Maji yakipungua, umeme hupita kwa shida, na mizani huhesabu ugumu huo kuwa ni mafuta.