Je, Uzi Utatosha? Tupige Hesabu Kabla ya Kwenda Dukani

Somo letu leo ni jambo ambalo sisi tulilijua baada ya kupoteza pesa.

Kikundi chetu kilipata kazi ya kufuma sweta 20 za wanafunzi, rangi ya damu ya mzee. Hatukupima. Mmoja wetu alisema, "Si mabonge manne yanatosha sweta moja?" Basi tukanunua 80. Tulipokuwa kwenye sweta ya 15, uzi ukaisha. Tukarudi duka lile lile, tukachukua rangi ile ile. Lakini tulipozianika sweta pamoja juani, kumbe! Uzi wa pili ulikuwa mwekundu zaidi. Ile ya 15 ilikuwa na mwili wa rangi moja na mikono ya rangi nyingine. Sweta sita zikakataliwa, tukaziuza sokoni kwa hasara.

Kwa nini rangi zilitofautiana? Kiwandani uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na fungu moja halifanani kabisa na lingine. Ndiyo maana karatasi ya bonge huwa na namba mbili: namba ya rangi, na namba ya fungu. Sisi tulitazama ya kwanza tu. Ukinunua, hakikisha zote mbili zinalingana kwa kila bonge.

Sasa, tutajuaje mabonge mangapi yanatosha? Fuateni hatua hizi:

1. Nunueni bonge moja tu la uzi mnaotaka. Lifumeni lote, kwa sindano na mtindo mtakaotumia. Mitindo ya kusokota hula uzi mwingi kuliko ufumaji wa kawaida.

2. Pimeni kipande hicho kwa tepu bila kukivuta. Chetu kilikuwa upana sm 40 na urefu sm 28. Zidisha: 40 x 28 = 1,120.

3. Pimeni sweta inayomtosha mtoto. Mbele na nyuma: 40 x 45 x 2 = 3,600. Mikono, kwa upana wa katikati: 25 x 38 x 2 = 1,900. Jumla ni 5,500. Kama watoto hawalingani, pimeni kila saizi peke yake.

4. Sweta 20 ni 5,500 x 20 = 110,000. Gawanya kwa 1,120, mtapata 98 na kidogo, yaani mabonge 99. Ongezeni moja kwa kila kumi, kwa ajili ya shingo, pindo na kuunganishia. Jumla ni 109.

Mnaona? Sisi na 80 zetu tulipungukiwa na mabonge 29! Hesabu hiyo haihitaji mizani, ni tepu na kalamu tu. Kile kipande cha kujaribia kifumueni, uzi wake utumike tena.

Jihadharini pia na uzito. Mabonge mawili ya gramu 50 yaweza kuwa na urefu tofauti, maana uzi mwembamba huenda mbali kuliko mnene. Mkibadilisha aina ya uzi, anzeni hesabu upya.

Nunueni yote siku moja. Kama pesa hazijatosha, ni heri kuchanga kwanza au kuomba malipo ya awali, kuliko kununua kidogo kidogo. Mwulizeni mwenye duka kama atapokea mabonge yatakayobaki bila kufunguliwa, na mtunze risiti.

Je, ukikwama na mafungu mawili? Fuma mistari miwili kwa uzi huu, miwili kwa ule, ukipokezana. Tofauti haitaonekana sana. Lakini anza mapema, usingoje la kwanza liishe.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
- Kazi yetu ya mwisho, tulipima au tulikisia?
- Nani atakagua namba za mabonge tukiwa dukani?
- Uzi ukipungua, hasara ni ya nani?