Umeshahamia Mashine Mpya? Futa ya Zamani kwa Utaratibu

Mwanafunzi wa UCNDK, chuo kikuu cha uhifadhi kilichopo Kasugho, akipata kompyuta mpya Butembo, ile ya zamani haistaafu. Anaachiwa mdogo wake, ikiwa imejaa rasimu za TFC (kazi ya kuhitimu), sinema na picha kutoka hifadhi ya Tayna. Kuisafisha ni kazi ya mchana, betri za sola zikiwa zimejaa.

Anza kwa kuhakiki kwamba kila kitu kimefika kwenye mashine mpya. Kwenye kila mashine, bonyeza folda kwa kitufe cha kulia, chagua Propriétés, ulinganishe idadi ya faili na mstari wa Taille. Taille sur le disque usiijali. Hutofautiana kulingana na diski ilivyopangwa. Kisha fungua video kubwa uzione zikicheza. Flashi ya FAT32 haipokei faili inayofika GB 4, kwa hiyo huenda video ndefu kuliko zote haikuvuka.

Pili, weka nakala nyingine kwenye diski ya nje, ikae nyumba tofauti. Hapa katika eneo la Lubero familia huweza kukimbia usiku mmoja, na kompyuta si kitu cha kwanza kubebwa.

Sasa futa. Ingia Paramètres, Système, Stockage, uone kinachokula nafasi, uanze na vikubwa: sinema, kisha video za WhatsApp. Ukishafuta, mwaga Corbeille, la sivyo nafasi hairudi hata kidogo. Kwenye flashi ni kinyume: ulichofuta hakipiti Corbeille, kimekwenda moja kwa moja.

Humo humo Stockage kuna Fichiers temporaires. Hapa soma kila mstari kabla ya kutia alama, kwa maana Téléchargements nayo imo kwenye orodha hiyo, na huko ndiko wengi huacha makala walizopakua kwa shida ya mtandao. Ukiona mabaki ya Windows ya awali, yaondoe bila huruma; ni GB nyingi.

Wapo watakaokushauri kuzima hibernation ili ufute hiberfil.sys. Siungi mkono. Betri ikikaribia kuisha na umeme hakuna, faili hiyo ndiyo inayohifadhi kazi uliyokuwa umeifungua.

Lililo zito ni picha za msituni. Nyingi hubeba alama za GPS, na gorila wa Grauer bado wanawindwa. Mashine ikiangukia mikono mingine, inaonyesha njia. Kwenye diski ya kawaida, faili iliyofutwa hubaki mpaka data nyingine iandikwe juu yake, na programu ya bure huweza kuirudisha. Baada ya kumwaga Corbeille, fungua dirisha la amri uandike cipher /w:C:\ kisha uiache ifanye kazi kwa saa kadhaa, waya wa umeme ukiwa umechomekwa. Kama mashine ina SSD, njia hiyo haiaminiki: tumia Réinitialiser ce PC, chagua kuondoa kila kitu, na ndani ya mipangilio yake uwashe usafishaji wa diski.