Mgongo unaniuma, nalala nikiogopa kufa

SWALI: Daktari, nina miaka 51, nafanya kazi ya nyumba hapa Kitisuru. Mgongo unaniuma mwaka wa nne sasa. Nilipigwa picha, nikaambiwa pingili zimelika kidogo, si saratani. Lakini usiku nikijigeuza, maumivu yakinishika, naona sitafika asubuhi. Siku hizi nalala nimejifunga leso safi ili watakaonikuta wasinione vibaya. Watoto hawajui. Je, ninakufa, au nimeanza kuwehuka?

JIBU: Mama, katika haya uliyoniandikia sioni dalili ya mgongo unaoua. Wala hujawehuka.

Maumivu yakipita miezi 3, madaktari huyahesabu kuwa ya kudumu. Kufikia hapo mara nyingi kidonda chenyewe si kikubwa, ila mishipa ya fahamu imezoea kupiga kelele. Huko Kitisuru mnazijua kengele za malango: moja ikiharibika hulia hata paka akipita ukutani. Mlio ni wa kweli, mwizi hayupo. Hofu nayo hukaza misuli na kukunyima usingizi, na asiyelala huumwa zaidi.

Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's, ya kutunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba mgonjwa huumwa mwili, moyo, imani na hata mfuko kwa wakati mmoja. Nairobi Hospice, iliyoanza 1990 katika uwanja wa Hospitali ya Kenyatta, hufanya kazi kwa msingi huo. Ajabu ni kwamba mgonjwa wa saratani huulizwa anaogopa nini, ilhali wa mgongo huandikiwa vidonge na kuambiwa, "Mwingine aingie." Lawama hiyo ni yetu madaktari.

Kwa hiyo rudi kliniki na umwambie daktari waziwazi: "Naogopa kufa." Mweleze hata habari ya leso, itamfunza mengi kuliko picha. Huenda akakupa amitriptyline, dawa ya sonona ambayo kwa kipimo kidogo hutuliza baadhi ya maumivu ya kudumu. Usidhani amekuona mwendawazimu. Diclofenac na ibuprofen za kununua kemisti kila wiki ziache kwanza, maana huchubua tumbo na kudhuru figo.

Usijilaze kutwa, tembea kidogo kila siku, hata kama panauma. Kazini, omba mopu ya mpini mrefu. Kupiga deki umeinama hakufai mgongo huo, na mwajiri mwenye busara hatakataa. Nyumbani, mwambie mtoto mkubwa. Watoto hujua mama hajisikii vizuri. Wasilolijua ndilo huwatisha.

Iwapo siku moja hofu ya kufa itageuka hamu ya kufa, sema siku hiyo hiyo. Usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, ni kinyume cha katiba. Anayejisikia hivyo ni mgonjwa wa kutibiwa.

Mwisho, zipo dalili zisizongoja miadi: miguu kulegea, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo, homa, au kukonda bila sababu. Ukiona mojawapo, nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku.