Kusoma Jambo Si Kuliamini

Tumeulizwa katika darasa letu la Mwembe Tayari: Mtu akirithi kwa babu yake vitabu vya nyota, ramli na azima, je, avichome moto au avihifadhi?

Jawabu letu ni hili: Asivifanyie kazi, wala asivichome.

Ama kutovifanyia kazi, ni kwa kuwa hapana ajuaye ghaibu ila Mwenyezi Mungu. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), mwaka 632, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Mtume akawafahamisha ya kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Basi mwenye mtoto mgonjwa wa homa, akamtanguliza kwa mpiga bao kabla ya tabibu, ana hoja gani?

Ama kutovichoma, ni kwa kuwa kusoma jambo si kuliamini. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoimaliza mwaka 1377, alieleza kwa urefu sihiri, unajimu na siri za herufi, kisha akaubatilisha unajimu na kimia kwa hoja. Lau asingalivisoma, angalijibu nini? Hata kwa Wazungu mzozo huu ulikuwako. Mwaka 1951 Otto Neugebauer, mjuzi wa tarehe ya falaki, aliwajibu waliodharau maandishi ya unajimu, akionyesha kuwa kwa hayo hujulikana jinsi hisabati za nyota zilivyosafiri kutoka taifa hata taifa.

Mwenye kuandika tarehe haulizi tu, "Je, ni kweli?" Huuliza pia: Nani kaandika? Lini? Kanakili kwa nani? Watu walitaka nini kwayo? Huu ndio mwendo wa wanavyuoni wetu wa Hadithi katika kupima isnadi. Na miujiza ya Mitume tusiichanganye na ramli: hiyo twaiamini kwa dini yetu, mwanatarehe hana mizani ya kuipimia, yeye hupima habari na wapokezi wake.

Tena, ndugu yetu, huenda ukurasa uliotajwa siku za nuhusi ndio ulioandikwa hesabu ya miongo ya mwaka, ambayo wazee wetu walijulia majira ya kulima na ya kusafiri. Ukiichoma nuhusi, umeichoma na hesabu.

Basi kiwekeni kitabu pakavu, mumwonyeshe mjuzi. Na mgonjwa mpelekeni kwa tabibu.

Wallahu aalam.