Trauti na Mito ya Mlima Elgon: Mgeni Mwenye Ndoano Hutafuta Nini?

Swali hili hujitokeza kila utalii unapozungumzwa Cheptais: kwa nini wageni wanaopenda kuvua trauti huenda Nyeri na Kirinyaga, ilhali nasi tuna mlima na mito? Jibu limo ndani ya maji yenyewe.

Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Ni jamaa wa karibu wa samoni, na aliletwa kutoka Uskoti mwaka wa 1905 na mlowezi Ewart Grogan, akatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Mwaka wa 1948 kituo cha kutotolea vifaranga kilianzishwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Upande wetu, anajulikana katika mto Suam, unaoanzia juu kabisa ya Mlima Elgon na kuteremka hadi kuwa Turkwel.

Samaki huyu ana masharti. Hustawi katika maji ya nyuzijoto kati ya 10 na 16 hivi. Yakikaribia 25 huanza kufa. Sababu ni hewa: maji yanapopata joto hubeba oksijeni kidogo, na trauti huhitaji nyingi. Ndiyo maana huishi juu mlimani, kwenye vivuli vya msitu na maporomoko, wala hashuki nasi hadi mahindi yanapoanza.

Sharti la pili ndilo linalotuhusu zaidi. Jike hufukua shimo katika changarawe, hutaga, kisha hufunika mayai. Maji yakiwa na nyuzi 10, mayai huchukua takriban mwezi mmoja kuanguliwa, na muda wote huo lazima maji safi yapenye kati ya vijiwe. Mvua moja kubwa ikileta tope kutoka shamba lililolimwa hadi ukingoni, tope hilo huziba nafasi hizo na mayai hukosa hewa. Mtu akipita darajani ataona mto umejaa vizuri tu, asijue kwamba kizazi kizima kimezikwa chini.

Sasa tutazame Malakisi na Lwakhakha baada ya mvua. Maji huwa mekundu. Udongo huo ni wa mashamba yetu ya vitunguu, viazi na mahindi, pamoja na mbolea tuliyoinunua kwa bei tunayoijua sote. Kanuni za maji nchini hutaka ukingo uachwe bila kulimwa, kati ya mita 6 na 30 kila upande kulingana na upana wa mto. Mwenye robo ekari ataona mita 6 ni nyingi, na malalamiko yake yana msingi. Lakini ukingo si lazima ukae bure: nyasi ya nepia hushika udongo na kulisha ng'ombe, na miti ya kiasili hutia maji kivuli. Mikaratusi iondolewe kando ya mto, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Mgeni wa trauti hulipia leseni ya uvuvi, na akivua ndani ya hifadhi hulipa pia kiingilio. Zaidi ya hapo huhitaji mtu wa kumwongoza, chakula na mahali pa kulala. Fedha hizo ndizo zinazobaki kijijini. Wengi hutumia nzi wa bandia badala ya chambo, na samaki akishanaswa humrudisha majini. Kwetu tuliozoea kuchagua samaki wa kukaanga sokoni Chwele, kulipa ili uvue kisha uachilie ni kichekesho, ila huo ndio mchezo wenyewe.

Onyo moja. Asitokee mtu wa kununua vifaranga na kuwamwaga mtoni kwa nia njema. Trauti hula wadudu wa majini, vyura na samaki wadogo, na akishaingia mto mpya ni vigumu kumtoa. Muone kwanza afisa wa uvuvi.

Ukitaka kuupima mto wako, chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, ijaze maji siku ya mvua, uiweke mezani bila kuitikisa hadi asubuhi. Pima kwa rula tope lililotuama chini. Rudia mwaka ujao, mahali palepale, baada ya nepia kushika ukingoni.