Dondoo muhimu: Msumeno wa mnyororo

Kabla ya kulipa mjini Kalemie, mwambie muuzaji auwashe msumeno mbele yako, injini ikiwa baridi. Nakala bandia za msumeno wa Stihl 070 ni nyingi sokoni. Nunua na buji ya akiba; ikikufia ukiwa kazini Piana-Mwanga, duka liko mbali.

Petroli ya chupa za barabarani iache itulie: maji hukaa chini. Kisha ichuje. Kwa kila lita, tia mililita 20 za oili nzuri ya injini za mipigo miwili. Bidoni la mchanganyiko huo lisitumike kwa jenereta ya mipigo minne, ambayo oili yake hukaa pembeni.

Msumeno ukitoa unga badala ya vipande, zima, noa. Tupa isukumwe kwenda mbele tu, idadi ileile ya misukumo kwa kila jino, la sivyo utakata kombo.